Sheila Carter ni mmoja ama ni wengi? Nisaidieni kumaliza ubishi wa nyumbani

Kijana_wa_Umoja
Wadau, hamjambo. Hapa kwetu kuna ubishi umekataa kuisha tangu Jumapili. Mama yangu ni mtu wa The Bold and the Beautiful, ile tamthilia ya Marekani, tangu sisi tukiwa watoto. Mke wangu naye ni wa The Young and the Restless, tamthilia dada yake, na hiyo anaijua kuliko anavyojua majirani. Sasa Sheila Carter, yule mwovu wa Bold, akatokea kwenye skrini, mama akaanza kumlaani kama kawaida. Mke wangu akasema, kwa heshima zote, "Mama, huyu si Sheila. Sheila alipasuliwa akavaa sura ya Phyllis, yule mhusika mwingine wa Young, akapigwa risasi, akafa." Mama akaweka kikombe chini. Akasema mwanamke huyu ni yule yule tangu mwaka wa 1992, hajabadilika hata pua, na kwamba yeye hawezi kufundishwa Sheila na mtu aliyezaliwa juzi.

Chai imekuwa ikinyweka kimya kimya tangu siku hiyo. Nani yuko sawa?

Fundi_Dishi
Wote wako sawa. Uzi ufungwe.

Kijana_wa_Umoja
@Fundi_Dishi nikirudi na jibu hilo nyumbani nitalala kwako.

BiMkubwa_Buru
Mwanangu, keti nikueleze. Kwanza mamako amekosea mwaka, ila usimwambie ni mimi nimesema. Sheila hakuanzia Bold. Alianzia Young, 1990, kama nesi pale Genoa City, na aliyemcheza ni Kimberlin Brown. Ndiye aliyempenda Scott, mume wa Lauren Fenmore, mpaka akabadilisha mtoto wa Lauren hospitalini na kumpa mtoto mwingine alee. Baadaye kukatokea moto kule shambani, watu wote wakaamini Sheila ameungua. Kumbe ametoka mzima, amepanda gari, ametokea Los Angeles kwenye Bold na vazi lake la unesi, akaanza kumnyemelea Eric Forrester. Hiyo ndiyo 1992 anayoijua mama.

Hilo liliwezekana kwa sababu vipindi hivi viwili vilitoka nyumba moja. Vilianzishwa na mume na mke, William J. Bell na Lee Phillip Bell. Young 1973, Bold 1987. Kwa hivyo mhusika anaweza kuhama kama mtu anayetoka Eastlands kwenda Westlands.

Suala la Phyllis ni la 2006. Hapo mkaza mwana yuko sawa kabisa. Sheila alirudi Young akijificha, akapasuliwa uso ili afanane na Phyllis, na kutoka hapo akawa anachezwa na Michelle Stafford, ambaye ndiye alikuwa Phyllis. Dada mmoja, wahusika wawili. Mwaka wa 2007 Lauren akampiga risasi.

Halafu Juni 2017, Kimberlin Brown anafungua mlango kwenye Bold. Sura yake ile ile. Hapo ndipo nyumba yenu ilipopasuka, na si yenu peke yake.

Kevo_wa_Rongai
Sasa kama alikufa 2007 amerudi vipi?

Fundi_Dishi
@Kevo_wa_Rongai kwa matatu.

Dada_wa_Saluni
Mimi ninajibu kama mtu anayefanya kazi na nyuso za watu. Alipasuliwa tena akarudishiwa sura yake. Si yule daktari aliyemfanya Phyllis alikuwa na picha? Hapa kwa saluni tunayo tivii ukutani, na siku Sheila alipotokea mteja mmoja alikuwa chini ya drayeri, rola kichwa kizima, hasikii chochote. Alipoona ule uso akatoka na rola zake akasimama katikati ya duka, "Huyu si alizikwa?" Tukabishana mpaka nywele zikakauka kupita kiasi. Jibu letu lilikuwa upasuaji wa pili.

Nesi_Mstaafu
@Dada_wa_Saluni nimefanya wodi ya upasuaji maisha yangu yote ya kazi, acha nikwambie. Daktari anaweza kukupa pua, kidevu, anaweza kuvuta ngozi. Hawezi kukupa urefu wa mtu mwingine, wala mabega, wala mikono. Na uso ukishakatwa una makovu, mtu hafunguliwi kama mto ukatolewa foronya moja ukavalishwa nyingine. Kumpeleka mtu kwa Phyllis halafu kumrudisha alivyokuwa bila alama hata moja? Wacha bana.

Mimi nadhani aliyekufa 2007 hakuwa Sheila. Alikuwa mtu mwingine aliyelipwa au aliyelazimishwa.

Kevo_wa_Rongai
Nesi, mbona unakubali kwamba mtu mwingine kabisa anaweza kufanywa afanane na Phyllis, lakini hukubali Sheila kurudishwa? Si ni kisu kile kile?

Nesi_Mstaafu
Kwenda ni safari moja. Kwenda na kurudi ni mbili. Hesabu ya darasa la kwanza hiyo.

Mtazamaji_Mtulivu
Naunga mkono Nesi na nina ushahidi. Bold wenyewe wamefanya mchezo huo huo 2024. Steffy, mke wa Finn mtoto wa Sheila, alimchoma kisu mtu aliyeingia nyumbani kwake usiku, taa zikawashwa, ni Sheila. Akachomwa moto, majivu yakapatikana, Deacon mpenzi wake akalia. Halafu Deacon akakumbuka kwamba ile maiti ilikuwa na vidole 10 vya miguu. Sheila ana 9. Kumbe aliyekufa ni Sugar, mwanamke wa kitambo aliyemchukia Sheila, naye alikuwa amepasuliwa akafanana naye. Sheila halisi alikuwa amefungiwa mahali, yu hai.

Kama Sugar aliweza kuwa Sheila, mbona mtu fulani asingekuwa Sheila aliyekuwa Phyllis?

Kevo_wa_Rongai
Soma hiyo sentensi yako ya mwisho kwa sauti halafu upumzike.

Mama_Twins_Donholm
JAMANI MNATOA SIRI. Wengine tuko nyuma, hata Sugar sijamfikia!

Fundi_Dishi
@Mama_Twins_Donholm pole, Sheila hajafa. Sasa umeokoa machozi.

Jirani_wa_Kayole
Si alijikata kidole cha mkono? Ile hadithi ya dubu.

Nesi_Mstaafu
Cha mguu. 2022. Alitaka waamini ameliwa na dubu, akajikata kidole cha mguu akakiacha. Cha mkono kingeonekana kila siku, angetembea na glavu mpaka leo. Waandishi walichagua kidole kinachoingia ndani ya kiatu.

Jirani_wa_Kayole
Kwa hivyo Sheila wa kweli anatambulika akivua viatu. Sawa. Tumefika mahali.

Mshonaji_Seti
Nimesoma kimya kwa muda, acha nichangie upande mwingine. Mimi hufanya mavazi kwenye tamthilia za hapa Nairobi, nisizitaje. Nyinyi mnatafuta sababu ndani ya hadithi. Mara nyingi sababu iko nje. Mwigizaji mkataba umeisha, au amepata kazi nyingine, au ni mjamzito, au hajapatikana tarehe hizo, na mwandishi anapigiwa simu jioni: kesho kutwa hatuna mtu huyu, fanya kitu.

Tulikuwa na dada mmoja aliyeacha kazi katikati ya msimu. Tulikuwa tumeshapiga nusu ya tukio la harusi. Mimi nilikaa usiku nikitoa pindo la gauni kwa sababu aliyeletwa alikuwa mrefu, na ukitazama kwa makini utaona mstari wa uzi mpya unang'aa kuliko ule wa zamani. Dairekta akampiga mgongo tu, shela usoni, mpaka kiapo kikaisha. Watazamaji wetu hawakuandika chochote kuhusu uso. Waliandika kwamba bibi harusi amenenepa.

Kwa hivyo mimi nikiona "upasuaji" kwenye tamthilia huwa najiuliza, ni nani hakupatikana?

Mtazamaji_Mtulivu
Una ushahidi kwamba Kimberlin hakupatikana 2006?

Mshonaji_Seti
Sina, na sijasema hivyo. Nimesema huwa najiuliza.

Mzee_wa_Kanjo
Mimi huyo Michelle Stafford ndiye nilimpenda. Kumcheza mtu anayejifanya mtu ambaye wewe mwenyewe ndiye unamcheza! Unatazama Phyllis anaingia chumbani, unajua huyu ni Sheila, na hujaambiwa na mtu. Ni jicho tu. Hiyo ndiyo kazi. Alikwisha kuwa na tuzo ya Emmy ya mchana ya 1997 na ya 2004 kabla ya hapo, kwa hivyo hawakuokota mtu wa kujaribu.

BiMkubwa_Buru
@Mzee_wa_Kanjo na hapo kuna kichekesho ambacho hamjakiona. Sheila aliiba sura ya Phyllis. Lakini sura ya Phyllis ni ya nani? Michelle aliondoka 1997 akachezwa na Sandra Nelson, akarudi 2000, akaondoka tena 2013, 2014 akaja Gina Tognoni, tena walimleta akiwa amezimia hospitalini, akaamka na uso mpya bila mtu kushangaa. Michelle akarudi 2019. Kwa hivyo Sheila angengoja miaka michache angejikuta amevaa sura isiyo ya Phyllis wala yake.

Kijana_wa_Umoja
Hii nimemsomea mke wangu. Amecheka mpaka mama akauliza kuna nini. Ni hatua.

Kevo_wa_Rongai
Lakini hapo BiMkubwa umenisaidia kuuliza. Kwa nini Phyllis akibadilishwa hakuna upasuaji, anaamka tu, halafu Sheila akibadilishwa lazima apelekwe kwa kisu? Taylor wa Bold pia. Hunter Tylo alikuwa Taylor tangu 1990, 2021 akaja Krista Allen, sasa Rebecca Budig. Hakuna aliyesema "Taylor, uso wako umekuwaje?" Ridge wa Bold ndiyo usiseme. Ronn Moss wa kile kidevu alitoka 2012, mwaka uliofuata akaja Thorsten Kaye, na Brooke aliyeolewa naye sijui harusi ngapi hakushtuka.

Dada_wa_Saluni
Brooke alishtuka. Sisi ndio tulishtuka zaidi.

Mzee_wa_Kanjo
Jibu: mwovu ni mali. Mtu mwema unamwekea mtu mwingine, watu wanazoea. Mwovu watu wamemchukia kwa uso wake. Ukibadilisha uso bila sababu, ile chuki inapotea na pesa ya tangazo inaenda nayo. Kwa hivyo lazima utunge sababu. Thorne, ndugu yake Ridge, amechezwa na wanaume 4 na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyemchukia Thorne.

Mama_Twins_Donholm
Hakuna aliyemkumbuka Thorne.

Mtazamaji_Mtulivu
Sikubaliani na Mzee. Mimi naona upasuaji ulitakiwa na hadithi yenyewe. Sheila anataka kuingia nyumbani kwa adui yake bila kujulikana. Hiyo haiwezekani na uso wa Kimberlin, Lauren angemtambua hata gizani. Tracey Bregman anamcheza Lauren tangu 1983, uso mmoja, yeye ndiye shahidi wa yote. Na ile familia ya Sheila kupasuana ni desturi. 2010 dadake Sarah alipasuliwa akafanana na Lauren mwenyewe.

Jirani_wa_Kayole
Subiri. Dada wa Sheila alipasuliwa akawa Lauren?

Mtazamaji_Mtulivu
Ndiyo. Tracey Bregman akawacheza wote wawili.

Jirani_wa_Kayole
Hao watu wana bima gani ya afya?

Fundi_Dishi
Si hii yetu. Hii yetu ungeambiwa mfumo uko chini.

Kevo_wa_Rongai
Hahaha. Uzi uendelee.

Mwanafunzi_Kasarani
Samahani wazee wangu, naomba kuuliza kitu. Mbona hapa kwetu hatufanyi hivyo? Mzee Ojwang wa Vitimbi alipofariki 2015 hakuna aliyewekwa kuwa Ojwang. Papa Shirandula alipofariki 2020, kipindi kikafa naye. Marekani wangeleta mtu mwingine Jumatatu.

BiMkubwa_Buru
Swali zuri mwanangu. Kwa sababu hapa mtu huwa haachi jina la uigizaji mlangoni. Benson Wanjau nani alimwita Benson? Alikuwa Ojwang mpaka benki. Charles Bukeko akipita barabarani watoto wanaita "Papa!" Ukimweka mtu mwingine, unamwambia yule mtoto nini?

Mzee_wa_Kanjo
Na pia ni vichekesho. Kichekesho kinakaa mwilini. Ule mwendo wa Ojwang akimwendea Mama Kayai, mkewe kwenye kipindi, akijua amekosa, kofia mkononi, huwezi kuuandika kwenye karatasi mtu mwingine akausoma. Sheila ni hadithi, hadithi inaandikika.

Mshonaji_Seti
Naongeza kwamba hapa msimu ni mfupi na pesa ni kidogo. Kule kipindi kinaenda siku 5 kwa wiki, mwaka hadi mwaka. Mashine hiyo haiwezi kusimama kungoja mtu mmoja. Kwetu mwigizaji akiondoka mhusika anatumwa "ng'ambo kusoma," na anasoma mpaka kipindi kinaisha. Nimeshona suti nyingi za kwenda uwanja wa ndege.

Mama_Twins_Donholm
Aki ile ya ng'ambo! Mtu anaaga na mkoba mdogo wa mkononi, anaenda Kanada.

Mzee_wa_Kanjo
Kuna jambo la Kimberlin mwenyewe ambalo wengi hawalijui. Huyo mama ni mkulima wa avokado kule California. 2016 alihutubia mkutano mkuu wa chama cha Republican, na 2018 akagombea kiti cha Bunge, akashindwa na Raul Ruiz. Mwaka uliotangulia ndio alikuwa amerudi kuwa Sheila.

Jirani_wa_Kayole
Fikiria unaenda kupiga kura unamkuta Sheila kwenye karatasi. Mimi ningempigia. Kwa uoga.

Kevo_wa_Rongai
Avokado gani? Hass ama Fuerte?

Mzee_wa_Kanjo
Mimi nimekuletea siasa wewe unauliza aina ya avokado.

Kevo_wa_Rongai
Shosho ana miti Kandara na mabroka wanampea bei ya kutukana. Nilitaka kujua kama Sheila ananunua. Huyo broka hangerudi tena.

Fundi_Dishi
Angerudi. Na sura ya Phyllis.

Nesi_Mstaafu
Turudi kwenye mada. Nimefikiria hili swali la @Kijana_wa_Umoja na ninaona kuna njia nyingine. Bradley Bell, mtoto wa waanzilishi, ndiye anayeandika Bold kwa miaka mingi. Mambo ya 2006 na 2007 yaliandikwa upande wa Young, na mwandishi mwingine. Bradley alipomtaka Sheila wake 2017 alimchukua pale alipomwacha yeye. Ni kama mzazi ambaye mtoto alienda kukaa kwa shangazi, akarudi na tabia, mzazi akasema hapa kwangu hayo hayakutokea. Mimi sikuona tukilishwa maelezo ya kutosheleza.

Mtazamaji_Mtulivu
Lakini ulisema aliyekufa hakuwa Sheila.

Nesi_Mstaafu
Bado nasema. Nikitazama kama mtazamaji, hakuwa Sheila. Nikitazama kama mtu mwenye akili zake, ni waandishi.

Dada_wa_Saluni
Mimi bado niko kwa upasuaji wa pili. Na wateja wangu wote.

Mpenda_Sauti
Niongeze sauti, maana ndiyo kazi yangu, mimi hutia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Mnazungumzia uso tu. Siku moja mwenzangu aliugua, nikaambiwa nimalizie mhusika wake. Uso wa mwigizaji ni ule ule, midomo ni ile ile, lakini binamu yangu alinipigia simu akaniambia, "Yule mama mmemharibu, si yeye tena." Hakujua ni mimi. Kwa hivyo mimi nasema Kimberlin alirudi kwa sababu ya ile sauti yake ya chini anapotisha mtu huku akitabasamu. Funga macho umsikilize akizungumza na Finn, anavyosema "mwanangu." Nywele zinasimama.

Mzee_wa_Kanjo
Hapo kwa Finn umegusa. Ile harusi ya 2021, Steffy ameshika maua, mlango unafunguliwa, mama mzazi ni Sheila. Halafu mwaka uliofuata anawapiga risasi wote wawili kwenye kichochoro cha mkahawa wa Il Giardino. Mtoto wake mwenyewe.

BiMkubwa_Buru
Finn alijirusha mbele ya mkewe. Risasi ilimlenga Steffy. Tuwe wakweli hata kwa Sheila.

Mzee_wa_Kanjo
Na ile ya pili, alipompiga Steffy mwenyewe?

BiMkubwa_Buru
Ile ya pili sina la kumtetea.

Jirani_wa_Kayole
Alimuua pia Taylor 2002, msisahau.

Mama_Twins_Donholm
Taylor hakufa. Alirudi 2005. Nani hufa Los Angeles?

Mtazamaji_Mtulivu
Caroline wa Bold alikufa, 1990. Halafu wakamletea pacha, Karen, akichezwa na Joanna Johnson yule yule.

Fundi_Dishi
Kwa hivyo hata waliokufa hawajafa. Sawa.

Kijana_wa_Umoja
Wadau asanteni. Taarifa: mama amesomewa yote kuanzia juu. Amekubali kwamba Sheila alianzia Young 1990. Hajakubali Phyllis. Anasema yeye hakuona, na kitu ambacho hakukiona kwenye tivii yake hakimhusu. Mke wangu anasema basi atamwonyesha vipande vya video kwa simu. Mama amesema simu ni ndogo, hawezi kumtambua mtu. Sasa nimeambiwa mimi ninunue tivii kubwa zaidi.

Dada_wa_Saluni
Hahahaha mama ameshinda.

Fundi_Dishi
Nikija kufunga nitakupa bei ya uzi huu. Ukuta wa mawe ama wa mbao?

Kijana_wa_Umoja
Mawe. Nitumie bei kwa siri, hawa watu wasione.

Mwanafunzi_Kasarani
Swali la mwisho tafadhali. Kama Bold inaendelea na Sheila yule yule, wale mapacha wake wa Young, Daisy na Ryder, si ni ndugu zake Finn? Na Mary, yule binti aliyejifanya Erica? Mbona Finn hajawahi kuwatafuta?

BiMkubwa_Buru
Mary ni wa Bold, baba yake ni James Warwick, huyo hawana kisingizio cha kumsahau. Mapacha ndio wanaingia kwenye ubishi wetu, kwa sababu ukiwakubali wao unakuwa umekubali yote ya Young, na Phyllis ndani yake.

Nesi_Mstaafu
Si lazima. Mapacha wanaweza kuwa wake na risasi isiwe yake.

Kevo_wa_Rongai
Nesi ameanza tena. Mwanafunzi, fungua uzi wako, huu tumeuharibu vya kutosha.